Guaman Poma au Kodeksi ya Florence: ufungue kipi kwanza?

Mpwa wangu anafundisha historia sekondari. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Nina vipindi viwili vya kufundisha Wahispania walivyoiteka Amerika, na safari hii sitaki hadithi yote isimuliwe na Mhispania. Naona vitabu viwili vya kale vyenye michoro ya wenyeji vinatajwa sana, cha Guaman Poma na Kodeksi ya Florence. Nina bando la GB mbili na Jumamosi moja. Nifungue kipi?"

Nilikuwa kwenye daladala, nikamjibu kwa maneno matatu: fungua cha rangi. Lilikuwa jibu la hovyo. Nilipofika nyumbani nikavifungua vyote viwili upya, na haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Cha kwanza kiliandikwa Peru na Felipe Guaman Poma de Ayala, mwenyeji wa milima ya Andes, akakimaliza mwaka 1615. Kina kurasa 1,189, na 398 kati ya hizo ni michoro ya wino inayojaza ukurasa mzima. Kipo Copenhagen, katika Maktaba ya Kifalme ya Denmark, ambako kilikaa bila kelele hadi Mjerumani Richard Pietschmann alipokibaini mwaka 1908. Cha pili kilikamilika Mexico mwaka 1577, chini ya usimamizi wa mtawa wa Kifransisko Bernardino de Sahagún, ila walioandika na kuchora ni wasomi wa Kinahua, watu ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Waazteki. Ni vitabu 12 vilivyojalidiwa katika majalada matatu, na picha zake ni karibu 2,500. Kimepewa jina la Florence kwa kuwa ndiko kiliko, katika maktaba ya Laurenziana. Vyote viwili ni miswada ya mkono, na hakuna kilichopigwa chapa wakati waandishi wake wakiwa hai.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kukaa vizuri kwenye kiti hapa. Mfalme Felipe II wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno kuanzia 1580, na ujenzi wa Ngome ya Yesu pale Mombasa ulianza mwaka 1593 katika enzi yake. Ndiye huyohuyo aliyeamuru mwaka 1577 kwamba maandishi ya Sahagún yakusanywe yote na kupelekwa Hispania, isibaki nakala. Mwanawe, Felipe III, ndiye Guaman Poma anayemwandikia. Maana yake, mwaka 1615 barua ile ndefu ya Peru ilikuwa inaelekezwa kwa bwana wa ngome ya Mombasa.

Mlalamikaji mmoja, na darasa zima

Ukivitazama kwa mbali utadhani ni ndugu: wenyeji, michoro, ukoloni wa Kihispania, kuchanganya lugha. Ukisogea karibu, kazi zao ni mbali kabisa. Guaman Poma anapeleka mashtaka. Kodeksi inakusanya maarifa. Hilo ndilo la kwanza kujiuliza kabla ya kuchagua: unataka kumsikia mtu mmoja mwenye uchungu, au unataka kuingia kwenye chumba chenye watu wengi wanaoeleza jinsi mambo yao yalivyokuwa?

Uchungu wa Guaman Poma una historia. Jina lake lenyewe ni kipanga na puma, ndege na mnyama wa fahari kwao. Ujanani alikuwa mkalimani wa padri Cristóbal de Albornoz, aliyezunguka vijijini kuizima dini ya wenyeji iliyoitwa Taki Onqoy. Baadaye akaingia kwenye kesi ya ardhi huko Chupas, karibu na mji ambao leo unaitwa Ayacucho. Alishindwa. Hukumu ya Desemba 1600 ilikuwa viboko 200 na kufukuzwa eneo lile miaka miwili. Kitabu kilikamilika miaka kumi na mitano baada ya viboko hivyo, na unavisikia kila anapoandika neno padri, hakimu au karani.

Sehemu ya kwanza ni historia: tangu Adamu na Hawa hadi Wainka, waliotawala Peru kabla ya wageni, kisha Wahispania. Sehemu ya pili, anayoiita serikali njema, ni hesabu ya dhuluma pamoja na mapendekezo. Kuna sehemu amebuni mahojiano: mfalme anamuuliza swali, naye anajibu, mfalme anauliza tena. Amejichora kabisa amepiga goti mbele ya kiti cha enzi, kitabu mkononi. Hawakuwahi kukutana. Na kwa kujiamini kwake, anampendekeza mwanawe mwenyewe awe mtawala wa nchi zile chini ya mfalme. Mimi hucheka hapo, halafu namheshimu.

Sahagún alifanya kazi kwa namna nyingine. Alifika Mexico mwaka 1529, akajifunza Kinahuatl, lugha ya Wanahua, akafundisha chuo cha Santa Cruz huko Tlatelolco. Mwaka 1558 alikwenda Tepepulco na orodha ya maswali, akawakalisha wazee, nao wakamjibu kwa picha kama ilivyokuwa desturi yao, na vijana wasomi wakaandika maelezo chini ya picha hizo. Wasomi hao tunawajua kwa majina, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwataja: Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita, Pedro de San Buenaventura. Nia yake haikuwa kuwasifu Wanahua. Anasema wazi katika utangulizi kwamba padri ni kama tabibu, hawezi kutoa dawa bila kuujua ugonjwa, na ugonjwa anaoukusudia ni ibada zao. Lakini waliokuwa wanashika kalamu walikuwa na ya kwao ya kusema, na mtawa hakuyakata yote.

Dhahabu, ukurasa kwa ukurasa

Njia nzuri ya kuvipima ni kutazama jambo moja katika vyote viwili. Mimi nilichagua dhahabu.

Guaman Poma, ukurasa wa 369. Mfalme wa Inka, Guayna Capac, ameketi. Mbele yake yuko Pedro de Candia, mmoja wa watu wa Pizarro, Mhispania aliyeiteka Peru, na katikati yao chombo chenye dhahabu. Maneno yameandikwa ndani ya mchoro. Mfalme anauliza kwa Kikechua, lugha ya Wainka: "Cay coritacho micunqui?" Dhahabu hii ndiyo mnayokula? Mgeni anajibu kwa Kihispania: "Este oro comemos." Dhahabu hii tunaila. Basi, hakuna maelezo. Kila mmoja kasema kwa lugha yake, wameelewana, na huo ndio msiba wenyewe. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne anaishika picha hii ndani ya nusu dakika.

Kodeksi, kitabu cha 12, sura ya 12. Wajumbe wa Moctezuma, mfalme wa Waazteki, wanakutana na Wahispania kati ya ile milima miwili mikubwa, Popocatépetl na jirani yake, wakawapa bendera za dhahabu, manyoya ya thamani na mikufu. Safu ya Kinahuatl inasema nyuso za wageni zilichanua, wakaidaka dhahabu kama nyani, wakaiona njaa yake kama nguruwe. Sasa hamisha macho kwenye safu ya kushoto, ya Kihispania, ambayo inatakiwa kuwa tafsiri. Huko nyani hawapo. Nguruwe hawapo. Wageni walifurahi sana, yameisha.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Kila ukurasa una safu mbili, na safu ya Kihispania ni fupi kuliko ya Kinahuatl. Nafasi inayobaki ndiyo iliyojazwa picha. Kwa hiyo picha nyingi za kodeksi zimekaa pale ambapo mtafsiri alinyamaza. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya ukalimani, hata kumkalimania bibi hospitalini, anaujua ukimya wa namna hiyo.

Kwa dhahabu peke yake, basi, Guaman Poma anashinda kwa kasi, kodeksi inashinda kwa kina. Lakini kodeksi inataka usome safu mbili, na hilo si la kila mtu.

Cha rangi, na rangi zinavyoisha

Nilimwambia mpwa wangu afungue cha rangi kana kwamba Kodeksi ya Florence yote ina rangi. Haina. Vitabu vya mwanzo vina wekundu, buluu na manjano ya kupendeza, na picha za mafundi wa manyoya katika kitabu cha 9 unaweza kuzitazama asubuhi nzima. Kadiri unavyosonga mbele rangi zinakonda, na kitabu cha 12, kile cha vita, karibu chote ni wino mweusi. Mwaka 1576 tauni kubwa iliikumba Mexico, na wachoraji walikuwa wakifanya kazi Tlatelolco huku watu wakifa nje. Kuna picha moja katika kitabu hicho inayoonyesha ndui ya 1520: wagonjwa wamelala juu ya mikeka, miili imejaa vipele, na mwanamke ameinama kumsemesha mmoja wao, maneno yake yamechorwa kama mkunjo mdogo unaotoka mdomoni. Aliyeichora alikuwa anajua tauni kwa macho yake, japo ile ilikuwa nyingine.

Guaman Poma ni mweusi na mweupe mwanzo hadi mwisho. Anachora kama mtu wa katuni za gazeti: kichwa cha habari juu, watu wawili au watatu, maneno yakitoka kinywani. Mchoro wangu wa kwanza kwa mtu mgeni huwa ule wa mwenyeji maskini aliyepiga goti katikati ya wanyama sita wanaomla. Nyoka ni mkuu wa wilaya wa Kihispania. Chui ni wasafiri wa Kihispania wanaolala bure kwenye nyumba za njiani. Simba ni bwana aliyekabidhiwa wenyeji wamtumikie. Mbweha ni padri wa parokia. Paka ni karani wa mahakama. Na panya, huyu ndiye anayeuma zaidi, ni chifu wao wenyewe.

Kipi cha kuaminiwa

Hakuna kinachofaa kumezwa kizimakizima.

Ule mkutano wa Guayna Capac na Candia haukutokea. Candia alitia mguu Tumbes, pwani, mwaka 1528, na mfalme na mgeni huyo hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Guaman Poma pia anamchora mfalme wa Inka, Atahualpa, akikatwa kichwa, ilhali Atahualpa alinyongwa Cajamarca mwaka 1533. Aliyekatwa kichwa ni Túpac Amaru, mfalme wa mwisho wa Inka, Cusco, mwaka 1572, na ukiiweka michoro hiyo miwili pamoja utaona inavyofanana. Kwake vifo vile vilikuwa dhuluma moja iliyofanywa mara mbili. Kama historia ya tarehe, amekosea. Kama ushahidi wa jinsi watu wa Andes walivyokumbuka, ni dhahabu. Halafu kuna ugomvi wake na padri Martín de Murúa, ambaye naye aliandika historia ya Wainka, na baadhi ya picha za historia hiyo ni mkono wa Guaman Poma. Baadaye anamshtaki kwamba alitaka kumnyang'anya mke, na anamchora akimpiga teke mwanamke aliyeketi kufuma nguo. Msomaji hana budi kukumbuka kwamba anamsikiliza mwenye kesi.

Kodeksi ina udhaifu wa namna yake. Maswali yalitungwa na mtawa, kwa hiyo kile asichouliza mara nyingi hakimo. Walioandika walikuwa Wakristo waliosoma Kilatini, na kitabu cha vita kinawapendelea watu wa Tlatelolco kuliko majirani zao wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kwa kuwa wasimulizi walikuwa wa Tlatelolco. Lakini wingi wa sauti unasaidia. Mmoja akitia chumvi, mwingine kwenye kitabu kingine anakupa kipimo.

Kuhusu Waafrika, ambao mpwa wangu hakuuliza lakini wanafunzi wake watauliza: wamo katika vyote viwili. Kodeksi inasema wenyeji waliwaona watu weusi miongoni mwa wageni wa Cortés, Mhispania aliyeiteka Mexico, na wakawapa jina lao. Guaman Poma ana sura nzima juu ya watumwa weusi wa Peru. Anawasifu waliotoka Guinea kuwa waumini wema, na anawasema vibaya waliozaliwa kulekule. Hukumu zake ni za mtu wa wakati wake, ila sura hiyo nimeisoma kwa makini kuliko nyingine nyingi.

Lugha, na hapa ndipo wengi hukwama

Hakuna Kiswahili cha kitabu chochote kati ya hivi, kwa hiyo tunapita kwenye Kiingereza au Kihispania. Hapo mizani inageuka.

Kihispania cha Guaman Poma kimevunjikavunjika, kimechanganywa na Kikechua, hata Mhispania wa leo anakikunja uso. Maktaba ya Copenhagen iliweka kurasa zote kwenye intaneti mwaka 2001, bure, pamoja na maandishi yaliyonakiliwa vizuri, lakini maandishi yenyewe ni ya Kihispania. Kwa Kiingereza utapata tafsiri zilizochapishwa: uteuzi wa David Frye wa mwaka 2006, mwembamba na rahisi, na tafsiri ya Roland Hamilton ya 2009 inayoshika sehemu ya kwanza ya kitabu. Jambo moja la kukuokoa muda: Guaman Poma alikosea kuhesabu kurasa zake, ndiyo maana utaona namba mbili, ya kwake na iliyosahihishwa. Ule wa dhahabu ni 369 kwa hesabu yake na 371 kwa hesabu ya wataalamu. Usidhani umepotea.

Kodeksi ina bahati kubwa zaidi. Arthur Anderson na Charles Dibble waliifasiri yote kutoka Kinahuatl kwenda Kiingereza, kazi iliyotoka kati ya 1950 na 1982. Na tangu 2023 taasisi ya utafiti ya Getty imeiweka yote mtandaoni bure, picha, Kinahuatl, Kihispania na Kiingereza, na unaweza kutafuta picha kwa kile kilichomo ndani yake. Andika mbwa, upate mbwa. Kwa asiyejua Kihispania, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Ukitaka kununua nakala inayofanana na mswada wenyewe, ushauri wangu ni usinunue, labda uwe maktaba. Guaman Poma wa Paris wa 1936, aliyetolewa na Paul Rivet, na kodeksi iliyotolewa na serikali ya Mexico mwaka 1979 ni vitu vya wakusanyaji. Uchapishaji wa Siglo XXI wa 1980, uliohaririwa na John Murra na Rolena Adorno, ndio wa kazi kwa anayesoma Kihispania. Murúa anastahili mstari mmoja tu: mswada wake wa 1616 uko Getty, una picha 38 nzuri za rangi, na ni wa kutazama baada ya kumjua Guaman Poma, usianze naye.

Basi nifungue kipi?

Mchoraji, mtu wa katuni, mwanasheria, mwanaharakati wa ardhi: Guaman Poma, bila kusita. Mtu wa lugha, wa tiba za asili, wa mapishi, wa mimea na ndege: kodeksi, na ajiandae kukaa nayo miaka. Mwenye Jumamosi moja: Guaman Poma, michoro ishirini, basi. Picha kubwa za miswada hula bando, kwa hiyo fungua ukurasa mmoja mmoja badala ya kupakua jalada zima.

Kwa mwalimu mwenye vipindi viwili nilibadilisha jibu langu hivi. Kipindi cha kwanza, Guaman Poma: dhahabu, wanyama sita, kisha ule mchoro wa karibu na mwisho anapotembea kwenda Lima akiwa mzee, na mwanawe, farasi na mbwa wawili, Amigo na Lautaro. Kipindi cha pili, kodeksi, ila asianze na vita. Aanze na mwisho wa kitabu cha 6, ambako baada ya hotuba ndefu za wazee kwa watoto wao kuna methali na vitendawili. Wanahua walitega kwa kuuliza "Zazan tleino?", ni kitu gani hiki, kama sisi tunavyosema kitendawili, na kimoja kinasema: kibuyu kidogo cha buluu, kimejaa bisi.

Jana amenijibu. "Mjomba, sikuwahi hata kumaliza kusoma. Binti wa nyuma kabisa kapaza sauti: mbingu na nyota!"